Je, Wajua? Mnyanya Uliotundikiwa Dripu

Wodini, dripu ni chupa inayoning'inia kwenye chuma na mgonjwa anayehesabu matone mpaka usingizi umchukue. Shambani, dripu ni mpira mweusi uliolala juu ya tuta, una tundu kila baada ya sentimita 30, na mkulima anauangalia akijiuliza kama vijitone hivi vitaivisha nyanya kweli. Wahenga nao walishatia shaka zamani: chururu si ndo ndo ndo. Leo safu hii inaingia kwenye kitalu nyumba, chini ya nailoni na joto lake, tuone kati ya methali na mpira nani ana haki.

JINA NA ASILI

Je, wajua kwamba nyanya ni mgeni Afrika? Mababu zake wa porini wako magharibi mwa Amerika Kusini, kuanzia milima ya Andes hadi pwani yake kavu. Mexico ndiko ilikokuzwa ikawa zao la maana, na wasemaji wa Kinahuatl waliliita tunda la aina hiyo tomatl. Kwa hiyo Mkongo anayesema "tomati" yuko karibu na Waazteki kuliko sisi tunaosema "nyanya".

Je, wajua kwamba Unguja nyanya ni tungule? Na mtoto wa Kenya akikuambia "nyanya anamwagilia nyanya", hajarudia neno. Bibi yake yuko shambani.

Je, wajua kwamba nyanya iliwahi kupandishwa mahakamani? Kwa mtaalamu wa mimea nyanya ni tunda, tena ni la kundi la beri. Lakini Marekani ilikuwa ikitoza ushuru mboga zinazotoka nje na kusamehe matunda, wafanyabiashara wakadai nyanya isamehewe. Mwaka 1893, katika kesi ya Nix dhidi ya Hedden, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua: mbele ya sheria ya ushuru, nyanya ni mboga, kwa kuwa watu huila na chakula, si baada ya chakula.

Je, wajua kwamba katika kila gramu 100 za nyanya mbivu, karibu 94 ni maji? Mwuza nyanya anauza maji yaliyovishwa ngozi nyembamba. Na hayo ni machache tu yaliyobaki: zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayonywewa na mizizi hupita shinani na kutokea kwenye majani kama mvuke. Ndiyo maana ukiingia kitalu nyumba saa sita mchana miwani yako hupata ukungu.

WALIOTANGULIA

Je, wajua kwamba wazo la kumnywesha mmea polepole lina zaidi ya miaka 2,000? Kitabu cha kilimo cha Kichina kiitwacho Fan Shengzhi Shu, cha karne ya 1 kabla ya Kristo, kinaeleza namna ya kufukia chungu kilichojaa maji katikati ya mashina ya matikiti. Aliyekulia nyumba yenye mtungi hahitaji ufafanuzi. Mtungi hutoa jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji. Ukiufukia, jasho lilelile linakuwa kinywaji cha mizizi.

Je, wajua kwamba kilimo chini ya paa angavu kilianza na mfalme mlafi? Kaisari Tiberius wa Roma, aliyetawala mwaka 14 hadi 37, alitaka matunda ya jamii ya matango mezani kila siku. Watunza bustani wake waliyapanda kwenye vitanda vyenye magurudumu, wakavisukuma juani, na siku za baridi wakavifunika kwa vipande vya jiwe linalopitisha mwanga.

Je, wajua kwamba dripu ya kisasa ilizaliwa na bomba bovu? Mhandisi wa maji Simcha Blass, mzaliwa wa Warsaw, aliona miaka ya 1930 huko Palestina mti mmoja uliowapita wenzake kwa urefu, na hakuna aliyekuwa akiumwagilia. Alipochunguza alikuta bomba linavuja karibu na mizizi yake. Juu ya ardhi unyevu ulionekana kiduara kidogo tu. Chini ulikuwa umetanda. Alikaa na wazo hilo miaka mingi, mpaka plastiki ilipopatikana kwa bei nafuu. Mwaka 1965 kampuni ya Netafim ikaanzishwa katika kibbutz ya Hatzerim, jangwani Negev, kwa kutumia kifaa alichokitengeneza pamoja na mwanawe.

Je, wajua kwamba siri ya kifaa hicho haikuwa kutoboa tundu dogo? Tundu dogo kila mtu angelitoboa kwa sindano, na lingezibwa na chembe ya kwanza ya mchanga. Blass aliyapitisha maji kwenye njia ndefu iliyojizungusha, yakachoka njiani. Pasua leo kipande cha mpira wa dripu kwa wembe utaiona njia hiyo kwa macho: mfereji mwembamba wenye meno pande zote mbili kama zipu. Maji yanagonga jino hili, yanarudi, yanagonga lile, na yakifika mlangoni nguvu zimekwisha. Yanatoka kwa adabu.

Je, wajua kwamba dripu ya ndoo ina nusu karne Afrika? Mwaka 1974 Mmarekani Richard Chapin aliipeleka Senegal: ndoo iliyoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini, mipira miwili mitatu, na bustani ya mboga ya nyumbani. Hakuna pampu wala umeme.

Je, wajua kwamba Daniel Hillel, mwanasayansi wa udongo aliyeeneza umwagiliaji wa aina hii nchi nyingi kavu, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2012?

Je, wajua kwamba kuna mahali ambapo vitalu nyumba vimekuwa vingi hadi vinaonekana kutoka angani? Ni mkoa wa Almería, kusini mwa Hispania. Takriban hekta 30,000 zimefunikwa plastiki nyeupe, na nyanya ni miongoni mwa mazao yake makuu. Kabla ya hapo ilikuwa nchi kame, yenye vichaka na mbuzi.

HESABU ZA TANGI

Je, wajua kwamba huhitaji mashine kupata msukumo wa maji? Kila mita moja unayoinua tangi inaongeza sehemu moja ya kumi ya bar. Tangi kwenye mnara wa mita 3 linakupa bar 0.3, ambayo inatosha mipira mingi ya mashamba madogo. Ila tuta likipanda mlima, mita ulizozijenga kwa mbao na misumari zinamezwa na mwinuko: mche wa bondeni unakunywa, wa juu unaramba.

Je, wajua kwamba mita ya mraba moja ikinyeshewa milimita moja ya mvua inapata lita moja kamili? Kitalu cha mita 8 kwa 15, kipimo kilichozoeleka sana Kenya, kina eneo la mita za mraba 120. Mvua ya milimita 10 tu ikidondokea paa lake ni lita 1,200, zaidi ya tangi la lita 1,000. Wengi huyaacha maji hayo yachimbe korongo ukutani, kisha jioni wanalipia boza.

Je, wajua kwamba ndani ya kitalu hichohicho unaweza kuwa na vinywa 500? Mipira 10 ya mita 15, tundu kila sentimita 30. Kila tundu likitoa lita moja kwa saa, tangi la lita 1,000 linakauka kwa saa mbili. Ukifungua koki ukaenda msibani, ukirudi utakuta tangi tupu, njia za matuta zimejaa maji, na chini ya mizizi mbolea yako inaelekea kuzimu.

Je, wajua kwamba kikombe cha chai kinaweza kukagua shamba zima? Chukua vikombe vinne vinavyofanana. Fukua kidogo chini ya tundu la kwanza la mpira wa mwanzo, la mwisho wa mpira huohuo, kisha la kwanza na la mwisho la mpira ulio mbali kabisa na tangi; weka kikombe kila mahali. Fungua maji robo saa. Tundu la lita moja kwa saa linatakiwa kuwa limetoa mililita 250. Vipange vikombe mezani. Vikilingana, usiguse kitu. Kimoja kikiwa nusu ya mwenzake, umeshajua kwa nini mwisho wa tuta kuna minyanya ya manjano uliyokuwa ukiipulizia dawa bure.

CHINI YA TONE

Je, wajua kwamba tone huchora umbo tofauti kwa kila udongo? Kwenye kichanga maji hushuka moja kwa moja, na unyevu unakuwa kama karoti: mwembamba na mrefu. Kwenye mfinyanzi hutanda pembeni, unyevu ukawa kama kitunguu. Ndiyo maana kichanga hutaka matundu ya karibu na maji kidogo mara nyingi, na mfinyanzi huvumilia nafasi na mapumziko. Jirani mwenye udongo mwingine asikupe ratiba yake.

Je, wajua kwamba mnyanya hunyauka kwa kiu na hunyauka kwa kushiba? Mizizi inavuta hewa. Ikizama matopeni siku nzima hukosa hewa, ikashindwa hata kunywa maji iliyomo ndani yake. Mkulima anaona majani yamelegea, anafungua koki tena. Kabla ya koki, chimba kiganja kimoja, chukua udongo, ufinye. Ukichuruza maji, ondoka.

Je, wajua kwamba si kila tone la asubuhi ni umande? Umande hulowesha jani zima. Lakini ukiona vijitone vimekaa kwenye ncha za meno ya jani tu, kimoja kimoja kama hereni, hayo ni maji yaliyosukumwa na mizizi usiku kutoka ndani. Mmea umelala umeshiba.

Je, wajua kwamba kitalu nyumba kinaweza kujitengenezea chumvi? Maji ya kisima na mbolea vina chumvichumvi. Mmea hunywa maji ukaziacha nyingi, nazo husukumwa hadi ukingoni mwa duara la unyevu, zikatua na kuacha utando mweupe. Shamba la wazi huoshwa na mvua. Chini ya nailoni mvua haifiki, kwa hiyo lazima mwenye kitalu mara mojamoja amwagilie kwa wingi kuzidi kawaida ili kuzishusha chini ya mizizi.

Je, wajua kwamba kiu kidogo huongeza utamu? Nyanya iliyopunguziwa maji wakati wa kuiva huwa na sukari nyingi kwa kila tonge, lakini ni ndogo. Anayeuza kwa kilo na anayeuza kwa ladha hawawezi kufunga koki saa moja.

MAGONJWA YA MAJI

Je, wajua kwamba nyanya kuoza kitako si ugonjwa wa kuambukiza? Lile baka jeusi lililobonyea chini ya tunda ni dalili kwamba kalsiamu haikufika. Mara nyingi udongoni kalsiamu ipo tele. Kilichokosekana ni usafiri, kwani hupanda pamoja na maji peke yake. Siku mbili za ukavu na siku moja ya mafuriko zinatosha kuikatisha safari. Na majani, kwa kuwa ndiyo yanayopumua mvuke zaidi, huivuta kuelekea kwao, tunda likabaki mikono mitupu.

Je, wajua kwamba nyanya hupasuka kwa furaha? Ikikaa na kiu ngozi hukomaa ikakaza. Siku maji yakija kwa wingi nyama ya ndani hufutuka, ngozi haiwezi kufuata, inachanika. Mnunuzi sokoni anapitisha kidole kwenye ufa huo na kushusha bei.

Je, wajua kwamba bakajani hupenda keni yako? Vimelea vya bakajani chelewa vinahitaji jani lililolowa ili viingie. Anayemwagilia kutoka juu anavitandikia mkeka. Dripu hulowesha udongo na kuliacha jani kavu. Lakini ukikifunga kitalu usiku kucha bila kuingiza hewa, mvuke utaganda kwenye nailoni na kudondoka juu ya majani. Hapo umejinyeshea mwenyewe.

Je, wajua kwamba glasi ya maji inaweza kukupa majibu ya maabara? Mnyanya umenyauka ghafla ungali kijani. Ukate sehemu ya chini ya shina, chukua kipande cha urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya kioo yenye maji safi, sehemu iliyokatwa ikigusa maji. Tulia, usitikise. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe zikishuka kutoka kwenye mkato, laini kama moshi wa udi uliogeuzwa kichwa chini. Hao ni bakteria wenyewe kwa mamilioni. Zisiposhuka, tafuta mchawi mwingine. Zikishuka, ng'oa mche pamoja na udongo wake, na ujue kwamba maji yanayotiririka kwenye mfereji hubeba bakteria hao tuta hadi tuta. Dripu huwapunguzia nauli, isipokuwa kama wanatoka kisimani kwako.

Je, wajua kwamba wakulima wa Tanzania wamempa nondo wa Tuta absoluta jina la Kantangaze? Alitoka Amerika Kusini, akaonekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikuwa ameshafika Kenya na Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 260 hivi. Dripu haimgusi, anayemzuia ni wavu mzima na mlango unaofungwa kila mara. Mlango wa kitalu ukiachwa wazi kwa dakika za kupokea simu, habari zitatangazwa.

Je, wajua kwamba ndani ya kitalu upepo unakosekana na kazi yake unaifanya wewe? Ua la mnyanya hujichavusha lenyewe, ila linataka kutikiswa. Nyuki wa asali hajui kulitetemesha. Ulaya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hufugwa nyuki wanene wenye manyoya, waitwao bambi, kwa kazi hiyo tu. Kwetu inatosha kupita asubuhi ukigonga kamba zinazoshikilia miche. Joto likizidi nyuzi 35 chavua huharibika na maua hupukutika, hata maji yawe mengi kiasi gani.

MPIRA NA CHUJIO

Je, wajua kwa nini mpira ni mweusi? Ule ute wa kijani unaoota kwenye ndoo iliyokaa juani unahitaji mwanga. Ndani ya mpira mweusi kuna giza totoro, hauoti. Tangi jeupe linalopitisha mwanga ndilo kiwanda chake, na mpira unalipa gharama.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa dripu haonekani majini? Maji mengine ya kisima kirefu hutoka meupe pe, kisha yakikutana na hewa hugeuka rangi ya kutu. Chuma kilichoyeyuka kimekuwa kigumu, na kitaganda ndani ya zile njia zenye meno. Yaache yatulie tangini kwanza, kutu itue chini, ndipo yachujwe.

Je, wajua kwamba chujio hukosha maji na wewe hukosha chujio? Mara moja kwa wiki fungua pia miisho ya mipira, mmoja baada ya mwingine, maji yakiwa wazi. Maji ya kwanza yatatoka kahawia kama chai ya mkandaa. Yakitakata, funga.

Je, wajua kwamba mbolea mbili nzuri zikikutana zinaweza kukuulia mipira yote? Jaribu kwenye chupa mbili za maji. Moja tia kalsiamu naitreti, nyingine magnesiamu salfeti, vyote kwa wingi, zikoroge hadi ziwe angavu. Sasa zimiminie pamoja. Chupa inageuka nyeupe kama maji ya chokaa. Hiyo ni jasi, ndugu yake ni ile ya kupambia dari, na ndani ya mpira haitayeyuka kwa maombi. Ndiyo maana wenye vitalu huwa na matangi mawili, au siku mbili.

Je, wajua kwamba mbolea ya maji ina adabu ya kuingia? Maji matupu kwanza mpaka mipira ijae, mbolea katikati, maji matupu tena mwisho. Ukimalizia na mbolea, mabaki yake yanakaukia kwenye matundu.

Je, wajua kwamba dripu huweza kuongeza matumizi ya maji? Kwa makadirio ya FAO, mfereji hufikisha mizizini asilimia 60 ya maji yake, mvua bandia 75, dripu 90. Lakini mkulima aliyeokoa maji mara nyingi huongeza tuta, kisha kitalu cha pili, na mto unabaki na kiu ileile. Mpira huokoa maji ya mche. Maji ya bonde huokolewa na makubaliano ya watu.

NA TONE LA MWISHO

Turudi wodini. Kifaa cha kawaida cha dripu ya hospitali huhesabu matone 20 kwa mililita moja, yaani lita moja ni matone kama 20,000. Mgonjwa akipangiwa lita moja kwa saa nane, anapata matone kama 42 kwa dakika, ndo, ndo, ndo, unayahesabu bila shida. Mnyanya hupewa lita hiyohiyo kwa saa moja. Piga hesabu: ni matone zaidi ya matano kila sekunde. Piga magoti tutani, inua mpira kidogo, ujaribu kuyahesabu. Jicho linashindwa, tone linashika mkia wa tone lililotangulia.

Hiyo si ndo ndo ndo. Hiyo ni chururu. Wahenga hawakukosea, ni sisi tuliolipa jambo jina la matone. Na kila tulichokiona leo, kitako kilichooza, ngozi iliyopasuka, vikombe visivyolingana, kinasema neno moja: mnyanya hauombi maji mengi, unaomba yasikatike. Kamata kikombe, uende ukalihakikishe tundu la mwisho.